Shajara ya mradi: kufufua orodha ya pini za idadi maalumu zilizouzwa mtandaoni

Lengo la mradi ni orodha moja ya wazi inayoonyesha ni pini zipi za idadi maalumu (beji ndogo za chuma za kukusanya) zilitolewa kupitia intaneti, lini, na nani, kwa nakala ngapi, na kwa njia gani: mnada, oda ya mapema, bahati nasibu, au lile "wahi, ukikosa shauri yako". Kanzidata za picha za pini zipo tayari, na baadhi zina umri mkubwa. Kinachokosekana ni historia ya uuzaji wenyewe. Nataka kuona mchezo huu ulipandaje, na ulianzia wapi kushuka.

Hatua za kawaida nitazifupisha. Palipokwama nitapaeleza kwa kirefu, maana ndipo atakayefuata atakapokwama pia. Vifaa ni kompyuta ya kawaida, lahajedwali, baadaye SQLite (programu ya bure ya kanzidata), na diski ya nje. Sikutumia programu yoyote ya kulipia.

## 11 Januari 2025: Mipaka

Kazi ya kwanza ilikuwa kukataa. Pini za kukusanya zina historia ndefu kuliko intaneti: kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 1896 wanariadha na maofisa walivaa beji za kadibodi, na kubadilishana pini kulishika moto Lake Placid 1980 na Los Angeles 1984, hadi Coca-Cola ikafungua kituo maalumu cha kubadilishana huko Calgary 1988. Hayo yote ni ya ana kwa ana. Nimeyaacha, pamoja na pini za Hard Rock Cafe zilizouzwa kaunta na za klabu za mpira, ingawa roho iliuma kidogo.

Kinachoingia ni pini ya chuma iliyotangazwa kuwa na idadi isiyoongezwa, na ambayo iliuzwa *mara ya kwanza* mtandaoni. Pini iliyouzwa ndani ya Disneyland asubuhi na kulanguliwa eBay jioni haiingii. Ukilegeza sharti hili, orodha inageuka kuwa orodha ya kila kitu.

Mwanzo nimeuweka 1999. Oktoba mwaka huo Walt Disney World ya Florida ilianzisha kubadilishana pini kama sehemu ya sherehe za milenia: wafanyakazi walivaa kamba shingoni zilizojaa pini, na mgeni mwenye pini halali aliruhusiwa kubadilishana nao. Hiyo nayo ilikuwa ana kwa ana, lakini ndiyo iliyozaa wanunuzi. Mwaka 2000 kampuni hiyo ikashirikiana na eBay kufungua Disney Auctions, na hapo ndipo mstari wa kwanza wa jedwali langu unapoanzia.

## 2 Februari 2025: Jedwali la kwanza limefutwa

Nilipanga pini moja kwa mstari mmoja. Lilionekana jambo la wazi kabisa, kisha likavunjika kabla sijafika mwaka 2003.

Pini moja ya picha ileile huweza kutoka na mgongo wa dhahabu kwa nakala 100 na wa fedha kwa nakala 500 (wakusanyaji huandika LE 100, LE 500; LE ni kifupi cha "limited edition", toleo la idadi maalumu). Juu ya hapo kuna AP, nakala za uthibitisho za msanii, na PP, nakala za majaribio kabla ya uzalishaji, ambazo hazihesabiwi ndani ya ile 500 lakini huishia sokoni vilevile. Seti ya miezi kumi na miwili huuzwa mwezi kwa mwezi, halafu yote tena ndani ya boksi moja. Nilipouliza jedwali swali rahisi, "Machi 2004 kulikuwa na matoleo mangapi?", lilinijibu kwa kuhesabu boksi moja kama matoleo kumi na mawili.

Suluhisho lilikuwa kugawa kazi katika majedwali matatu.

*Toleo* ni tukio la kuuza: tarehe, muuzaji, njia, bei ya kuanzia, kikomo kwa kila mnunuzi. *Pini* ni kitu chenyewe: jina, ukubwa, aina ya enameli (ile rangi inayojaza mchoro), madini yaliyopakwa, idadi iliyotangazwa. *Ushahidi* ni kila chanzo kwa mstari wake, hata kama vyanzo vinapingana. Hili la mwisho usilipuuze. Ukiandika tarehe juu ya tarehe kila unapopata chanzo kipya, baada ya muda hutajua kwa nini uliamini kitu fulani.

Jambo jingine la kero ni tarehe. 03/04/2005 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Kwa wengine wengi ni tarehe 3 Aprili. Lahajedwali haikuulizi, inachagua yenyewe na kukaa kimya. Weka tarehe kama maandishi, mwaka-mwezi-siku, na saa katika mfumo wa saa 24 wa UTC, yaani saa ya kimataifa. Mistari niliyokuwa nimeshaiingiza ilibidi irudiwe kwa mkono, na zile zisizo na chanzo cha pili nimezipa mwaka tu.

## 23 Februari 2025: Enzi ya minada

Wayback Machine ya Internet Archive, kanzi ya nakala za zamani za tovuti, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001, kwa hiyo miaka hii ingetakiwa kuwa rahisi. Kurasa za mbele za maduka zimehifadhiwa vizuri. Kurasa za mnada mmoja mmoja hazimo, au zimo bila picha, kwa sababu anwani zake zilikuwa namba ndefu ambazo hakuna aliyeziunganisha kutoka mahali pengine. Kujaribu anwani moja baada ya nyingine ni kupoteza usiku.

Kilichofanya kazi ni kuiomba kanzi yenyewe orodha ya kila ilichonacho:

`web.archive.org/cdx/search/cdx?url=ANWANI/*&filter=statuscode:200&collapse=digest&output=json`

Alama ya nyota huleta kila ukurasa chini ya anwani hiyo, `statuscode:200` huondoa kurasa zilizorudisha kosa, na `collapse=digest` hupunguza nakala zinazofanana zilizofuatana. Weka sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi. Ukikimbia, seva itakukatalia, na ina haki. Na usitupe ukurasa usio na picha: jina la faili la picha iliyopotea mara nyingi lina namba ya bidhaa, na namba hiyo inakupeleka kwenye ukurasa mwingine wenye maelezo.

Kinachoonekana katika miaka hii ni idadi ndogo, 100, 500, 1000, na bei inayopandishwa na wanunuzi wenyewe. Hili nilikuwa silitazami kwa makini. Katika mnada, faida ya uadimu huingia kwa muuzaji wa kwanza. Mlanguzi hana nafasi kubwa, kwa sababu ile bei ambayo angeitafuta kesho imeshalipwa leo. Minada hiyo ilipofungwa na pini kuhamia DisneyShopping.com kwa bei iliyopangwa, mara nyingi kwa LE 250, pengo likafunguka kati ya bei ya duka na bei ambayo mkusanyaji yuko tayari kutoa. Mlanguzi anaishi ndani ya pengo hilo. Nimeongeza safu ya "njia ya bei" kwenye jedwali la matoleo, na sasa naona ndiyo safu yenye faida kuliko zote.

Bei za soko la pili nimeziacha. eBay huonyesha mauzo yaliyokamilika ya siku 90 tu kwa mtafutaji wa kawaida, na bei za 2002 zilizobaki ni zile ambazo mtu aliziandika kwa sababu zilimshangaza. Huwezi kuchora mstari kwa kutumia vioja.

## 16 Machi 2025: Picha zilizokufa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakusanyaji wa zamani walikuwa na daftari. Aliyepotea ni mwenye rafu, yaani huduma iliyolitunza. Wakusanyaji wa miaka ya 2000 waliandikiana kupitia Yahoo Groups, huduma ya vikundi vya majadiliano. Mwishoni mwa 2019 uamuzi ulitolewa wa kuondoa maudhui yake, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma nzima ikafungwa. Picha walikuwa wameziweka Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, ambako katikati ya 2017 kuonyesha picha kwenye tovuti nyingine kukawa kwa wenye mpango wa dola 399.99 kwa mwaka. Flickr nayo ilitangaza Novemba 2018 kwamba akaunti za bure zitabaki na picha 1,000. Hakuna hata moja kati ya haya iliyolenga pini. Lakini hobi ambayo kumbukumbu zake zote ziko kwenye huduma za bure za watu wengine hulipia siku moja, kwa mkupuo.

Nikawaandikia wakusanyaji wa zamani. Ombi la kwanza lilisema "tuma chochote ulicho nacho", na wakatuma: maelfu ya picha za pini zilizopangwa kwenye mbao za kizibo, nzuri sana, bila tarehe wala jina la muuzaji. Sikuweza kuingiza hata moja kama ushahidi wa toleo. Na huwezi kumrudia mtu aliyekaa wikendi nzima akikupigia picha ukamwambia hazifai.

Ombi la pili lilikuwa fupi: barua pepe ya uthibitisho wa oda, basi. Watu wengi hawafuti barua pepe. Hati hiyo ina tarehe, saa, bei, gharama ya posta, jina rasmi la pini na mara nyingine kikomo cha nakala kwa mnunuzi. Barua pepe moja ya 2006 ina thamani kuliko mbao kumi. Tahadhari kwa anayeiga: futa jina, anwani na namba za kadi *kabla* ya kuhifadhi faili. Nakala asili usibaki nayo.

Mzee mmoja wa hobi hii alinitumia kitu ambacho sikukiomba: lahajedwali aliyoanza kuiandika mwaka 2001, yenye safu ya "nilikosa". Matoleo aliyoyakosa aliyaandika kwa uangalifu kuliko aliyoyapata. Mashimo mengi ya 2004 hadi 2006 yamezibwa na majuto ya mtu mmoja.

## 20 Aprili 2025: Migongo

Uso wa pini ni picha. Ushahidi uko mgongoni. Huko ndiko kuna chapa ya mwaka, mwenye haki, na maneno ya idadi. Kwa kuwa karibu kila mtu hupiga uso, nimenunua fungu la pini mchanganyiko za miaka tofauti ili nipate migongo ya kulinganishia.

Sehemu ya fungu hilo ni feki, na hilo nililitarajia. Wakusanyaji huziita skrapa. Baadhi ni mabaki yaliyokataliwa kiwandani, baadhi ni nakala za ziada zilizotolewa kwa siri kutoka kwenye kalibu ya halali, na baadhi zimeigwa kutoka kwenye pini halisi. Dalili za kawaida ni enameli yenye mashimo au vumbi ndani, rangi iliyopitiliza mstari, ukingo wenye makali, chapa ya mgongoni iliyofifia au inayokatika kabla ya kufika ukingoni. Dalili hizi hukamata zilizoigwa. Ile iliyotoka kwenye kalibu halali baada ya saa za kazi, hakuna jicho litakaloitofautisha kwa hakika, na anayedai anaweza namwonea shaka.

Nilijaribu uzito. Mizani ya gramu moja moja haina maana yoyote kwa kitu chepesi hivi. Nikanunua ya sehemu ya kumi ya gramu. Ikaonyesha kwamba pini halali za toleo moja hutofautiana zenyewe kwa zenyewe kiasi cha kufanya mpaka usichoreke. Nimeacha.

Nilijaribu pia skana. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lingeniokolea pesa. Skana nyingi nyembamba za bei nafuu hutumia teknolojia ya CIS, ambayo huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Pini ina msumari mgongoni, na msumari unauinua mgongo milimita kadhaa juu ya kioo, kwa hiyo chapa yote hutoka ukungu. Skana za CCD, zile nene za zamani, huona kina zaidi. Badala ya kununua nyingine nilirudi kwenye kamera: pini imelala kifudifudi, taa moja ya pembeni iliyo chini sana, karatasi nyembamba nyeupe mbele ya taa ili chuma kisimeremete. Mwanga wa pembeni unainua herufi. Mwanga wa juu unazifuta.

## 25 Mei 2025: Wimbi la pili

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za kuanzisha miradi, ilianza 2009, lakini pini zilichelewa. Zilipokuja, katikati ya muongo wa 2010, zilikuja na wauzaji wapya: wasanii wa mtu mmoja. Viwanda vya Guangdong na Jiangsu vilikuwa tayari kupokea mchoro kwa barua pepe na kuzalisha oda ndogo, kwa kawaida kuanzia nakala 100. Unalipia kalibu mara moja, unachagua enameli laini au ngumu, unachagua madini ya kupaka, unasubiri wiki chache. Januari 2017 Kickstarter yenyewe ilizindua wito wa Make 100, wa kuwahimiza watu watoe vitu kwa nakala mia moja, na pini zikaingia humo kama samaki majini.

Nilidhani wimbi hili litakuwa jepesi kwa kuwa ni la juzi. Ni kinyume chake. Kurasa za Kickstarter zimebaki, kwa sababu mradi ukishazinduliwa hauwezi kufutwa, na ni chanzo bora. Lakini mauzo mengi yalipita Instagram, na mengi ya hayo kwenye hadithi zinazofutika baada ya saa 24, kitu kilichoanza Agosti 2016. Tangazo la toleo liliwekwa asubuhi, pini zikaisha mchana, tangazo likayeyuka kesho yake. Kwa matokeo ninayoyaona hapa mezani, mwaka 2003 una ushahidi mzuri kuliko 2018.

Jaribio la kukusanya machapisho kwa programu lilikwisha vibaya: akaunti niliyotumia ilifungwa na mtandao husika, na nilichokuwa nimekipata hakikuwa na tarehe za kuaminika. Msirudie. Kinachofaa ni kumwandikia msanii moja kwa moja na kumwomba ankara ya kiwanda. Wengi hawajibu, wengine wamezipoteza. Wachache waliojibu wamebadilisha mradi huu.

Kwa sababu ankara inasema nakala 100, na tangazo linasema LE 50.

Hakuna lazima ya udanganyifu hapo. Kiwanda kina kiwango cha chini, na mara nyingi huongeza nakala chache kufidia zenye kasoro. Msanii anatenga hamsini safi anaziita toleo. Zenye mkwaruzo anaziuza baadaye kwa bei ya chini kama daraja la pili. Nyingine anaziweka akiba kwa vifurushi vinavyopotea njiani. Au, na hii ndiyo niliyoiona zaidi, anagawa oda: kalibu ileile, hamsini zenye mandharinyuma ya bluu na hamsini za waridi. Baadaye hamsini nyingine zenye madini meusi, na hamsini zinazong'aa gizani. Kila moja ni LE 50 na kila moja inasema kweli. Picha moja imeuzwa mara mia mbili.

Nimeongeza jedwali la nne, *kalibu*. Kila pini inaelekezwa kwenye kalibu yake. Ni kazi ya macho, inachosha, lakini bila hiyo hesabu ya uadimu ni porojo.

## 22 Juni 2025: Safu mbili za idadi

Hii ni fupi. Safu ya "idadi" imegawanyika kuwa "iliyotangazwa" na "iliyothibitishwa". Ya pili iko tupu karibu kote, na nimeamua iachwe tupu badala ya kujazwa kwa makisio. Kuna watengenezaji walioliona tatizo hili: Figpin huweka msimbo wa kipekee mgongoni mwa kila pini, na mnunuzi huufungua kwenye programu ya simu. Huo ndio ushahidi pekee wa nakala moja moja nilioukuta, na hata huo unadumu kadiri seva ya mwenye programu inavyodumu.

Pini za wahusika wa filamu na katuni zilizotengenezwa na mashabiki bila leseni, zile wakusanyaji wanazoziita za fantasia, zina shimo kubwa kuliko yote. Ziliuzwa kwenye vikundi vilivyofungwa, wenye haki walipolalamika matangazo yakaondolewa, na wauzaji hawana hamu ya kutuma ankara. Nawaelewa.

## 27 Julai 2025: Grafu, na dhana iliyoanguka

Nilianza mradi nikiamini kwamba walanguzi na programu zao za kununua kwa kasi ndizo zilizoua mchezo. Ni maelezo yanayopendwa: unaingia saa ileile ya kufunguliwa, unakaa kwenye foleni, unaambiwa zimeisha, na saa hiyohiyo zipo eBay kwa bei mara tatu. Hasira ni ya kweli.

Lakini dhana hii ina sharti lake. Kama walanguzi ndio sababu, matoleo ya muuzaji yangeendelea kuisha haraka hadi siku ya mwisho, kwa kuwa mlanguzi hununua maadamu kuna pengo la bei. Nilipanga matoleo ya kila muuzaji kwa mfuatano na kutafuta dalili za kutoisha: matangazo ya "zimebaki chache" wiki kadhaa baadaye, punguzo la bei, na mifuko ya siri, ambayo kwa lugha nyepesi ni njia ya kuuza kilichododa bila kukitaja. Kwa wauzaji wengi ambao ninao ushahidi wa kutosha, dalili hizi zinatangulia kufunga. Mlanguzi aliondoka kabla ya mkusanyaji. Alikuwa kipimo cha joto. Homa ilitoka kwingine.

Kilichobadilika ni idadi ya matoleo. Idadi ya nakala kwa pini ilishuka, kutoka mamia hadi hamsini, hadi ishirini na tano, na kwa kila mshuko matoleo yaliongezeka. Muuzaji aliyekuwa na toleo moja kwa mwezi akawa na moja kwa wiki, na wapo wauzaji wengi wa namna hiyo. Kila pini ilikuwa adimu kuliko za zamani. Pini kwa ujumla zilikuwa zimejaa kila kona.

Na pini hukusanywa kwa seti. Aliyekosa ya tatu katika mfululizo wa kumi na mbili hana sababu kubwa ya kununua ya nne. Kadiri nakala zinavyopungua ndivyo wengi zaidi wanavyokosa moja ya mwanzo, na muuzaji anakuwa amewafukuza wateja wake wa miezi tisa ijayo kwa mkono wake mwenyewe, akisherehekea kwamba ya tatu iliisha ndani ya dakika moja. Kwenye grafu hili linaonekana kama ngazi: mfululizo huanza na kelele, namba tatu au nne inaisha kwa kasi kuliko zote, halafu namba sita na saba zinabaki dukani.

Angalizo: data yangu imeegemea Kickstarter na watu waliokubali kunijibu. Wauzaji wakubwa wa mtandaoni wenye matoleo ya kila wiki wamo kwa upande wa matangazo tu. Ankara zao sitaziona kamwe.

## 7 Septemba 2025: Posta

Nimeongeza safu ambayo ningetakiwa kuwa nayo tangu Februari: je, mnunuzi wa nje ya nchi aliruhusiwa, na kwa gharama gani? Imejazwa kwa kusoma masharti ya mauzo, kazi ya kuchosha ambayo haina njia ya mkato.

Tarehe zinazojitokeza ni hizi. Tarehe 21 Januari 2018 posta ya Marekani ilizuia bidhaa ndani ya barua na bahasha bapa za kimataifa. Pini, ambayo ilikuwa ikisafiri kama barua, ikalazimika kulipiwa kama kifurushi, na posta mara nyingi ikapita bei ya pini yenyewe. Tarehe 1 Januari 2021 Uingereza iliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya pauni 15, na tarehe 1 Julai mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaondoa wake wa euro 22. Kila baada ya tarehe hizi naona "nje ya nchi hatutumi" ikiongezeka, hasa kwa wauzaji wadogo wasioweza kukusanya kodi ya nchi nyingine.

Na tarehe 29 Agosti, wiki iliyopita tu, Marekani imefuta kwa nchi zote msamaha wa vifurushi vya hadi dola 800. Umoja wa Posta Duniani umesema mashirika 88 ya posta yamesitisha huduma zao kuelekea huko, kwa sehemu au zote. Bahasha ya migongo niliyokuwa nimtumie msaidizi Marekani kwa ajili ya ulinganisho imerudi mezani kwangu. Tumebadilishana picha badala yake, na picha zake zilipigwa kwa mwanga wa juu. Nimemtumia entri ya Aprili.

## 19 Oktoba 2025: Ilipofikia, na ilivyogharimu

Majedwali manne yako ndani ya faili moja la SQLite, na nakala ya CSV (faili la maandishi matupu) kwa kila jedwali. Miaka ya 2000 hadi 2006 na 2015 hadi 2019 ina mwili wa kutosha kutumika. Iliyobaki ni mifupa.

Gharama kwa dola: diski ya nje 64, fungu la pini 58 na posta yake 31, ambayo ni zaidi ya nusu ya bei ya pini zenyewe, mizani ya pili 12, skana iliyotumika 25, ambayo sasa nahifadhia karatasi juu yake. Jumla 190. Anayeiga na kuruka mizani na skana atabaki na 153, na akipata migongo ya kuazima kwa mkusanyaji wa karibu, atalipia diski tu.

Mambo mawili yamerekebishwa wiki hii. Mistari ambayo chanzo chake kilikuwa tangazo la mlanguzi nimeiwekea alama, kwa sababu mlanguzi ana kila sababu ya kuandika LE 100 kwenye pini ya LE 1000, na nimekuta mifano. Pili, matoleo ya bahati nasibu yameondolewa kwenye hesabu ya muda wa kuisha. Humo kila kitu "huisha" siku ya droo, na yalikuwa yakifanya miaka ya mwisho ionekane na afya kuliko ilivyokuwa.

Kinachofuata ni 2008 hadi 2014, miaka yenye mistari michache kuliko yote: minada ilikuwa imekwisha, wasanii wa mtu mmoja walikuwa hawajafika, na Yahoo Groups ilikuwa bado hai lakini watu walishaanza kuhamia Facebook. Mwenye barua pepe ya uthibitisho wa oda ya pini kutoka miaka hiyo, hata moja, aondoe jina na anwani yake kisha aitume. Picha za mbao bado hazihitajiki.